MAONI YA MHARIRI: GURUDUMU LIGONGWE KABLA GARI HALIJAONDOKA



Katika toleo hili tulikusudia kuandika habari za malipo ya saa za ziada. Habari hizo mtazipata toleo lijalo, kwa sababu barua yetu haijajibiwa bado, na hatupendi kuwapa nusu habari. Leo twasema juu ya jambo ambalo wengine wenu watashangaa kuliona katika karatasi ya chama cha wafanyakazi. Ni habari za wanafunzi wanaotafuta shahada ya uzamivu, ile ambayo mwenye kuipata huitwa Daktari ingawa hajui kumchoma mtu sindano. Twataka kusema juu ya mikutano yao mikubwa, na juu ya nani huwaonyesha makosa yao mapema, kabla hayajawa hasara.

Msikimbilie ukurasa wa nyuma wenye matangazo ya mikopo na misiba. Ngojeni kidogo, maana sisi wenyewe tumo katika habari hii.

Hapa Woodley, karibu na Adams Arcade, anakaa binti wa mzee wetu mmoja aliyefanya kazi katika gengi ya njia mpaka akastaafu. Jirani zake humwita Mwalimu, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Alikuwa akifundisha chuo kikuu kimoja kwa mkataba wa muhula kwa muhula, yaani kibarua mwenye chaki, na huku anasoma shahada ya uzamivu. Akachagua kuandika juu ya maisha ya jamaa za wafanyakazi wa reli. Alitaka kujua kama mtu aliyekaa kazini miaka mingi huweza kuwasomesha watoto wake kuliko yule wa miaka michache. Mwaka 2018 akaja kwetu na kibali cha utafiti na barua ya chuo, akaketi chini ya mti na fomu zake, akatuita mmoja mmoja. Alikuwa na adabu, wala hakumharakisha mtu.

Katika fomu ile palikuwa na swali moja: "Umefanya kazi reli tangu mwaka gani?"

Mbele yangu katika mstari alikuwa kijana aliyeandikwa na kontrakta. Yeye hufanya miezi mitatu, akasimamishwa mwezi mmoja au miwili, kisha akarudishwa kwa namba mpya kana kwamba hajapata kuonekana. Alipoulizwa akajibu kwa ukweli: tangu 2011. Ikaandikwa miaka saba. Nyuma yangu alikuwa fundi mwenye kazi ya kudumu, mwenye nyumba na matibabu, naye pia ikaandikwa miaka saba. Watu wawili, maisha mawili, namba moja. Mimi nililiona jambo hilo pale pale. Nikanyamaza. Nilijiambia kuwa mtu aliyeishia darasa la nane katika shule ya misheni hawezi kumfundisha mwenye digrii mbili namna ya kuuliza swali. Nikajibu yangu, nikapewa soda, nikarudi kazini.

Mwaka uliofuata Mwalimu alikwenda kwenye mkutano wa wasomi katika hoteli moja ya mjini. Ada ya kuingia ilizidi kodi ya nyumba yake ya mwezi, akakopa kwa baba yake, na mzee akakopa kwa chama cha akiba na mikopo. Ndiyo maana nasema sisi tumo: fedha za ada ile zilitoka kwetu. Alipewa dakika kumi na tano za kusoma karatasi yake. Mgeni wa heshima akachelewa, hotuba zikarefuka, na ilipofika zamu yake saa ya chakula ilikuwa imekwisha pita. Mwenyekiti akamwambia asome kwa dakika tano. Alipomaliza watu wakapiga makofi, kengele ikalia, wakaenda kula. Hakuulizwa swali hata moja. Jioni akapewa cheti kizuri chenye lakiri ya dhahabu, na cheti hicho mzee amekitundika ukutani.

Miaka miwili baadaye tasnifu yake ilifika mbele ya watahini. Mmoja wao akauliza lile swali nililolimeza mimi chini ya mti: hawa wa kontrakta na hawa wa kudumu mbona umewachanganya? Jedwali zake nyingi zilisimama juu ya hesabu ile ya miaka. Akaambiwa arudi nyikani, ahoji upya, aandike upya. Wakati huo mkataba wake wa kufundisha ulikuwa umefika mwisho, na chuo hakikumwandika tena. Alikaa karibu miaka mitatu akifundisha watoto wa jirani hesabu jioni jioni, hapa Woodley na Jamhuri, apate nauli ya kufanya kazi ambayo swali moja lililoulizwa mapema lingalimwokoa nayo.

Sasa nawauliza ninyi wa karakana: je, sisi hufanya kazi namna hiyo? Wazee waliotufundisha walikuwa na nyundo yenye mpini mrefu. Gari likisimama stesheni, mzee hupita behewa kwa behewa akigonga magurudumu, akisikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyofifia, kama chungu kilichopasuka. Kazi hiyo hufanywa gari likiwa limesimama, mbele ya watu wanaojua sauti, nalo behewa likikutwa na ufa hukatwa likaachwa pale pale. Hakuna aliyengoja mpaka Mtito Andei. Na kijana anayejifunza kuchomelea chuma hasubiri miaka mitano apate kujua kuwa mshono wake una matundu. Msimamizi humwambia siku ile ile, wakati mwingine kwa maneno ambayo hayaandikiki humu.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ni mwanagenzi kama kijana yule. Tofauti ni kuwa mwanagenzi huyu huachwa peke yake muda mrefu mno. Ana wasimamizi, ndiyo. Lakini msimamizi naye ana madarasa yenye mamia ya wanafunzi, ana mitihani ya kusahihisha, na mara nyingine anafundisha vyuo viwili ili alishe watoto. Barua ya mwanafunzi hukaa. Sura ya tasnifu hukaa. Mkutano wa wasomi ndio mahali pa pekee ambapo mwanafunzi angeweza kuwapata chini ya paa moja watu kumi wanaoijua kazi yake kuliko msimamizi wake, tena wasiokuwa na ugomvi wala woga naye. Mkutano ukitumiwa kwa hotuba na picha tu, hiyo ni hasara sawa na kuwa na karakana nzima kisha kuitumia kwa kunywea chai.

Wala hatusemi kuwa haiwezekani. Iko mifano, tena si ya mbali. Mwaka 2008 ulianzishwa muungano uitwao CARTA, ulioongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC, ambacho makao yake ni hapa Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Vyuo vikuu vya nchi kadhaa vimeingia, na kwa Kenya wamo Nairobi na Moi. Wanafunzi wao wa uzamivu katika mambo ya afya na idadi ya watu walipangiwa semina nne, kila moja kwa wakati wake: ya kwanza wazo likiwa bado bichi, ya pili kabla ya kwenda kuhoji watu, ya tatu wakati wa kuchambua yaliyopatikana na kuandika, ya nne wakati wa kujitayarisha kwa kazi itakayofuata. Itazameni vizuri ile ya pili. Ipo kabla ya kwenda nyikani. Hapo ndipo nyundo hugonga gari likiwa stesheni. Kama Mwalimu angaliketi katika semina ya namna hiyo na fomu yake mkononi, nasadiki mtu mmoja angalimwuliza: "Nani anamlipa huyu?"

Mwezi wa Agosti 2019 vijana wa kompyuta kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika mkutano wao uitwao Deep Learning Indaba. Huko mwanafunzi hupewa nafasi ya kutundika kazi yake kwenye bango, akasimama kando yake, na anayepita huuliza. Hata mwenye aibu hupata watu watatu wanne wa kusema nao, kwa sauti ya kawaida, bila kipaza sauti. Jambo hili halina gharama kubwa. Lataka ukuta, misumari na watu wazima walio tayari kusimama saa mbili.

Na hata kwa sisi watu wa reli jambo la kuchunguzwa si geni. Huko Makerere, tangu mwanzo wa miaka ya 1950, palikuwa na taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika ya Mashariki, iliyoongozwa katika miaka yake ya mwanzo na mama Mwingereza, Audrey Richards. Watafiti vijana, wengi wao wakitafuta shahada hii ya uzamivu, walikutana huko kila mmoja na karatasi yake iliyorudufiwa, wenzake wakaijadili na kuipinga kabla haijawa kitabu. Karatasi hizo ukiziona utadhani ni ndugu wa gazeti letu hili: herufi za taipureta na wino uliokolea upande mmoja. Katika miaka ya 1964 na 1965 Mwingereza mwingine, R. D. Grillo, alikaa na wafanyakazi wa reli wa Kampala akiwachunguza, akapata shahada yake Cambridge, na mwaka 1973 kikatoka kitabu chake African Railwaymen. Mwaka 1974 kikatoka kingine juu ya chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli wa Uganda. Hatusemi kuwa vitabu hivyo ni vibaya. Twasema tu kuwa vinazungumza habari zetu, magomvi yetu ya vyeo na ya uchaguzi, na katika tawi letu sijaona mwanachama aliyepata kukishika hata kimoja.

Lakini tukumbuke na upande wa pili. Katika miaka ya 1960 wasomi wa historia wa Kenya, Profesa Bethwell Ogot akiwa mmoja wa viongozi wao, walifanya chama chao na mikutano ya kila mwaka, na karatasi zilizosomwa zikachapishwa katika vitabu vilivyoitwa Hadith. Katika kitabu cha tatu, cha mwaka 1971, imo karatasi ya Makhan Singh juu ya East African Association ya 1921 mpaka 1925. Wazee wetu walimjua Makhan Singh kwa mambo mengine. Ndiye aliyekuwa katibu wa Labour Trade Union of Kenya tangu 1935, na aliyefungwa kizuizini tangu 1950 mpaka 1961. Kazi aliyoijua tangu ujana ni ya matbaa, katika kiwanda cha chapa cha baba yake hapa Nairobi. Shahada ya uzamivu hakuwa nayo. Lakini karatasi yake ilikubaliwa ikasimama pamoja na za maprofesa, kwa sababu mambo ya wafanyakazi aliyajua kwa kuyatenda. Basi mlango huo ulipata kufunguliwa. Ni sisi tuliouacha ukajifunga.

Ndugu mmoja wa tawi, mtu mwenye ulimi mkali ambaye namheshimu, aliniambia hivi: "Mhariri, chama kipiganie mishahara. Wasomi wana chama chao." Ni kweli wanacho, nacho kimegoma mara nyingi kudai haki, kama mwaka 2017. Lakini fikirini. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa amri kuwa mtu asiwe mhadhiri bila shahada ya uzamivu, na waliokuwa kazini na shahada ya pili wakapewa miaka mitano, mpaka 2019. Muda ulipofika wengi walikuwa bado njiani. Mwaka ule ule wa 2014 miongozo ya tume hiyo ilimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala mawili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Mwajiri anapokwambia ulete cheti usije ukapoteza kazi, halafu hakupi muda, wala ada, wala mtu wa kukuonyesha njia, hilo ni jambo la chama cha wafanyakazi. Lingekuwa ni cheti cha kuendesha gari la moshi tungalikuwa tumekwisha kuitisha mkutano.

Tena iko sababu ya pili, nayo ni ya tumbo. Maandishi ya watu hawa hayabaki katika kabati za vyuo. Wizara hunukuu, mabenki hunukuu, washauri wanaolipwa fedha nyingi hunukuu. Jedwali likisema kuwa mtu wa kontrakta ana miaka saba ya kazi, atatokea bwana mmoja aseme: mbona hawa wanadumu kazini vizuri bila mikataba ya kudumu? Na atakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kosa la mwanafunzi lisiposahihishwa chini ya mti, hurudi kwetu likiwa limevaa tai.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi uliopita tulijaribu jambo katika ukumbi wa tawi. Tulimwomba Mwalimu atusomee sura yake mpya, kabla hajaipeleka mkutanoni, naye akaisoma kwa Kiswahili. Alikiri kuwa kuitafsiri kulimtoa jasho, maana maneno mengine ya kule kwao yalipoingia katika Kiswahili yalionekana hayana kitu ndani. Walikuja watu ishirini na wawili. Ndugu mmoja alisimama akaeleza habari za kupandishwa cheo kwake, ambazo hazikuhusu, kwa robo saa nzima, na mwenyekiti akawa mpole kupita kiasi. Ndugu mwingine alitaka maneno ya kumsifu katibu mkuu yatiwe ndani. Hilo tulilikataa, na twalikataa hapa tena. Kazi yetu si kumwamuru mwanafunzi aone nini. Akiona kuwa sisi wanaume wa reli twapoteza ada za shule katika baa za Kenyatta Market, aandike hivyo, mradi amehesabu sawasawa.

Lakini kabla ya magharibi alisimama mama mmoja anayefagia mabehewa ya abiria, wa kontrakta naye. Akasema: "Mwanangu, sasa umetutenga sisi na wale wa kudumu, vema. Lakini katika hesabu yako ya matumizi hukuandika fedha tunazompa msimamizi ili tuitwe tena baada ya ule mwezi wa kusimamishwa." Ukumbi ukanyamaza. Mwalimu akaweka kalamu chini kwanza, kisha akaishika tena, akauliza ni kiasi gani, na kwa mwaka mara ngapi, na kama mama angekubali liandikwe bila jina lake. Wakaendelea kusema wawili hao mpaka taa zikawashwa. Mimi niliyenyamaza mwaka 2018 niliona haya, nikafurahi pia.

Mwalimu alituambia kuwa saa ile moja na mama yule ilimpa kazi ya miezi miwili. Hakusema kwa kulalamika. Ameipeleka sura hiyo kwa mzee mmoja wa chuo kingine, ambaye amekubali kuisoma kabla ya mkutano na kuketi naye nusu saa, na safari hii waandaaji wameweka asubuhi nzima kwa wanafunzi wa uzamivu, kila mmoja na msomaji wake. Ada imepunguzwa kwa wanafunzi wasio na kazi. Kupunguzwa si kufutwa, na barua yetu ya kuomba ifutwe imekwisha kwenda, pamoja na ombi kuwa viti viwili vitengwe kwa wafanyakazi wa reli, wenye haki ya kuuliza kwa Kiswahili. Nakala ya barua hiyo imepelekwa kwa ndugu zetu wa chama cha wahadhiri. Twawaomba nao wadai, katika mapatano yao na vyuo, kwamba muda wa kusoma kazi ya mwanafunzi uhesabiwe kuwa ni kazi. Msimamizi asiyelipwa kwa saa ya kusoma atasoma usiku, amechoka, au hatasoma.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, atakuja kijana mwingine katika ukumbi wetu. Yeye anaandika juu ya watu wanaokaa kando ya njia ya reli pale Kibera, na juu ya gari la abiria la asubuhi na jioni. Walio katika gengi ya sehemu hiyo waje bila kukosa, hata wenye zamu ya usiku. Wa kontrakta wenye karatasi za mshahara za zamani, zenye namba zao zote mbili au tatu, waje nazo, majina yatafunikwa. Chai ipo, mkate kila mtu ajiletee. Majina yaandikishwe kwa katibu wa tawi kabla ya Ijumaa, tupate kujua idadi ya viti vya kuazima kanisani.

Mhariri